Wa Mwisho Nani?

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, na kama umewahi kuvaa sare ya shule mtaani kwetu, basi huenda ni yeye aliyekupima kiuno. Chumba chake cha kazi kilikuwa sebule ya wazazi wetu. Cherehani iko dirishani, chaki na mkasi mezani, na vipande vya kitambaa cha bluu vimetapakaa mpaka chini ya kochi. Humo ndimo alimotulea. Baba alipofariki, dada aliacha shule akakalia kile kiti, na hakuinuka mpaka kaka yetu alipomaliza chuo na mimi nikafungua duka langu la vipuri vya pikipiki. Posa zilikuja, tena za watu wa maana. Zote alizijibu hivyo hivyo: ngojeni kwanza wadogo zangu wamalize. Nani angengoja? Kaka sasa ana ofisi yenye zulia. Tunamwita Bosi kwa utani, na ubaya ni kwamba anaitika.

Nayasema haya mapema ili mjue hasira zangu si za kuazima.

Mgongo wa dada ulipoanza kumsumbua, daktari alimwambia akaogelee. Alidhani anataniwa. Mtu amepita miaka hamsini, anaambiwa akacheze maji! Lakini alikwenda, na pale ufukweni kwetu yuko mama mmoja, mwokoaji mstaafu, anayekodisha mbao kuukuu za kupandia mawimbi. Yule mama alimlaza dada kifudifudi juu ya ubao, kawimbi kakaja, akamsukuma. Dada alifika mchangani kwa tumbo, anacheka mpaka kapaliwa. Aliporudi nyumbani nilimuuliza mgongo unaendeleaje, akaniuliza mgongo gani. Baada ya hapo ilikuwa kila Jumamosi, na hatimaye akaweza kusimama kwa miguu yake miwili.

Mawimbi ya kwetu ni madogo, na wanaoyapanda ni wanawake wachache wa mtaani, kwa hiyo wana utaratibu wao. Anayeingia majini anauliza kwa sauti, "Wa mwisho nani?" Aliye wa mwisho anainua mkono. Basi wewe unamfuata yeye. Akishapata wimbi lake, linalofuata ni lako, na ukishapanda unarudi nyuma kabisa. Ni kama bombani. Hakuna anayegombana na mwenzake, wanapiga soga pale pale juu ya mbao, na aliyechoka anampa mwenzake zamu yake. Dada alijua bahari yote iko hivyo. Nani angemwambia vinginevyo?

Sasa kuna lile wimbi kubwa, la rasini. Kila mtu analijua, hata asiyejua kuogelea, maana limejaa kwenye kalenda na kuta za benki. Linaanzia kwenye miamba, halafu linafunguka taratibu kufuata ufuko, kama zipu ndefu. Watu wanapanda ndege kulifuata. Dada alikuwa na picha yake ameibandika juu ya cherehani, kati ya vipimo vya watoto wa watu. Siku moja alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Mdogo wangu, nipeleke kule. Nilipande mara moja tu. Nikirudi nitashona mpaka nife."

Jamani, huyu mtu hajawahi kuniomba hata kijiko. Nilifunga duka. Bosi naye nilimwarifu mapema kwamba Jumamosi dada hatakuwepo nyumbani, na akasema kwa mdomo wake mwenyewe, "Vizuri sana, apumzike."

Tuliondoka alfajiri na kigari changu cha mzigo, ubao umefungwa juu kwa mipira ya baiskeli. Tulipofika jua lilikuwa limeshatoka lakini baridi ilikuwa kali, ile baridi ya mwezi ambao wimbi linakuwa zuri. Maegesho yamejaa magari makubwa. Kwenye jiwe mtu kaandika kwa rangi nyekundu: WAGENI RUDINI KWENU. Nikasema moyoni, karibu sana dada yangu. Wanaume walikuwa wanabadili nguo huku wamejifunga taulo, na mmoja mwenye ubao wa njano akamtazama dada kutoka juu mpaka chini. Dada alikuwa amevaa ile nguo ya mpira ya kuzuia baridi, ya mitumba, aliyoipunguza kiuno mwenyewe kwa uzi wa zambarau.

"Mama," yule akasema, "pwani ya kuogelea iko upande ule."

"Na pwani ya adabu iko wapi?" nikamuuliza.

"Achana naye," dada akaninong'oneza. "Tumekuja kwa ajili ya wimbi, hatukuja kwa ajili yake." Akanipa mkoba na simu yake, akaingia majini.

Nilikaa mwambani, karibu kabisa na mahali wapanda mawimbi wanaposubiria, na upepo ulikuwa unaniletea kila neno. Dada alipiga makasia kwa mikono mpaka akawafikia, akakaa juu ya ubao wake, akasema kwa sauti ya kuchangamka, "Habari za asubuhi jamani! Wa mwisho nani?"

Wakamtazama kama wameulizwa swali na kiti.

Akadhani hawakusikia, akarudia. Wawili watatu wakacheka. Yule wa ubao wa njano akageuka akaangalia bahari. Na dada, Mungu ampe maisha marefu, hakukasirika. Akafanya anavyofanya mtu aliyekuta foleni ya watu wasio na salamu: akakariri nyuso. Nilimwona kabisa akiwahesabu kwa kidole. Mwenye kipara, kisha binti wa misuko, kisha yule wa njano, kisha yeye.

Kipara akaenda. Binti wa misuko akaenda. Wa njano naye akaenda. Mawimbi yakatulia kidogo, halafu likaja moja safi sana, na dada akageuza ubao wake kwa sababu lilikuwa lake, haki yake kabisa. Mara yule wa njano, aliyetoka kupanda sasa hivi, akarudi mbio, akamzunguka kwa nyuma, akajipachika upande wa mwambani, ambako wimbi linaanzia, na kulichukua. Na dada yangu akamwambia nini? Nilimsikia kwa masikio yangu haya.

"Pita, baba. Pita tu."

Nilitamani kuukata ule mwamba kwa meno. Pita! Maisha yake yote ni pita, pita tu. Chumba kizuri alimpa Bosi asomee, yeye akalala na vitambaa. Nyama anawapa watu, anabaki na mchuzi. Na wale watu kule majini hata hawakuwa ndugu zake! Ikawa hivyo asubuhi nzima. Wanakuja, wanamzunguka, wanachukua, wanarudi, na yeye anasogea kuwapisha huku anatetemeka kwa baridi.

Simu yake ikalia mkobani. Bosi.

"Dada yuko wapi?"

"Yuko baharini. Nilikwambia."

"Mwambie atoke. Niko hapa kwake na wakwe zangu, nimewaleta wapaone nyumbani. Wageni hawajala."

"Bosi, hii ni Jumamosi yake. Ulisema apumzike."

"Kwani mimi nimemkataza kupumzika? Mkiondoka sasa hivi si atawahi? Mtu mzima yule, bado anacheza maji?"

Loh! Nikamwambia maneno ambayo hayaandikiki, nikakata. Akapiga tena, nikaiacha ilie. Nilipoinua macho, dada alikuwa amesimama juu ya ubao! Amepata! Na kabla sijapiga hata kigelegele, yule wa njano akashuka mbele yake kwenye wimbi hilo hilo, akamkata njia. Dada akaruka kumkwepa. Povu likamfunika, ubao ukarushwa juu. Alipoibuka, uso umejaa nywele, mwenzake alishafika mbali na wala hakugeuka kutazama kama kuna mtu mzima au maiti.

Nilimtukana yule kijana kutoka pale mwambani mpaka wavuvi wa mshipi waliokuwa kando wakaacha ndoano zao wakanitazama. Nauza vipuri, sauti ninayo.

Dada akaja mpaka ukingoni, amekumbatia ubao. Mdomo umekuwa wa kijivu. Na maji yalikuwa yanajaa. Binti wa misuko alikuwa anatoka, akatuambia kwamba yakishafunika miamba wimbi hufa mpaka kesho. Kesho dada ana sare za watu.

"Sielewi," dada akasema, na sauti ilikuwa inakaribia kulia. "Nimewafuata vizuri kabisa. Kila ikifika zamu yangu, anatokea mtu."

"Dada, huku hakuna foleni."

"Sasa wanajuaje zamu ya nani?"

"Hawajui. Wanachukua."

"Wanachukua tu?"

"Wanachukua tu! Kwa sababu wameshaona kwamba wewe utawaachia. Utawaachia mpaka lini, dada? Mpaka lini?"

Nilikuwa napiga kelele, na nilijua kabisa kwamba sisemi habari za bahari peke yake. Yeye naye alijua. Alikuwa ameshika jiwe, maji yanampanda na kushuka kifuani. Simu ikalia mkobani. Nikaikalia. Hakuniuliza ni ya nani. Akageuza ubao akarudi.

Safari hii hakusalimia mtu. Alipita kati yao akaenda kukaa upande wa mwambani, bega kwa bega na wa njano. Wimbi likaja, kubwa kuliko yote niliyoyaona asubuhi ile, na wote wawili wakaanza kupiga mikono. Nikafumba jicho moja. Nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwetu, hata siku tulipomchomea kitambaa cha mteja.

"Ondoka! Hili langu!"

Yule kijana akashtuka, akamtazama usoni, akaona hakuna wa kusema pita. Akauvuta ubao wake nyuma. Na dada akasimama. Magoti yamekunjwa, makalio nyuma, mikono kama anayebeba sinia, hapendezi hata kidogo, na akaenda! Akapita mbele yangu na uzi wake wa zambarau, akawapita wavuvi, akaendelea kwenda mpaka akawa kadoa, na mimi nakimbia mwambani namfuata, nalia na kutukana kwa pamoja.

Alirudi kwa miguu kupitia mchangani, anacheka na meno yanagongana. "Umeniona?"

"Nimekuona, dada. Nimekuona."

Ndipo simu ikalia tena. Ilikuwa mkononi mwangu, sikuwa na pa kuificha.

"Nani?"

"Bosi. Yuko kwako na wakwe zake. Wana njaa. Anakupigia tangu asubuhi."

Kicheko kikamtoka usoni. Akanyoosha mkono wenye maji. Nikajua tayari, tunafunga mizigo. Akaiweka sikioni. Bosi aliongea, akaongea, na dada akasikiliza kwa adabu, maji yanamdondoka kidevuni.

"Umemaliza?" akasema mwishowe. "Haya, sikiliza. Jikoni ni mkono wa kushoto ukitokea uani. Vitunguu viko kwenye kikapu chini ya meza. Usivikatie kwenye meza yangu ya kazi, kuna sare za watu pale."

Bosi akasema kitu.

"Mimi? Mimi bado niko baharini."

Akanirudishia simu, akaokota ubao wake, akaingia majini kabla miamba haijafunikwa. Simu ilikuwa bado hewani. Nikaiweka sikioni. Bosi, mtu aliyezaliwa na kukulia katika nyumba ile, alikuwa anauliza kiberiti kinawekwa wapi.