Mzungu wa Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda Kiriba kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, nikapita mbele ya kile chumba cha matofali ya kuchoma karibu na ghala la pamba. Sasa ni baa. Muziki unapiga kelele tangu asubuhi, na ukutani wamechora chupa kubwa ya bia. Kaka akanikaribisha tuingie tupate soda, nikamwambia kiu imeniisha. We acha tu, ndugu yangu. Nimefika umri wa kusamehe mambo mengi, lakini chumba kile kinanipandisha hasira kila nikikiona.

Kilikuwa chumba cha kisomo. Wanakijiji walikijenga wenyewe, wanawake wakibeba maji kutoka ziwani na matofali kichwani, ili watu wazima wajue kusoma. Bibi yangu, mama yake baba, alijifunzia humo akiwa tayari ana wajukuu. Miaka niliyoishi kwake ilikuwa ya shida. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Sukari hakuna, chai tunainywa kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Lakini rafu moja ya vitabu tulikuwa nayo, na hatukuipangia foleni.

Alasiri wanawake walikuja na karanga za kumenya au pamba ya kuchambua, wakakaa kwenye mikeka na kusoma kwa zamu. Kila mmoja alisoma ukurasa wake kwa sauti huku mikono ya wengine ikifanya kazi. Sisi wasichana tulichambua nao, vumbi la pamba likitukereketa puani, harufu ya dagaa walioanikwa ikiingia dirishani. Aliyekwama kwenye neno alisubiriwa. Mwalimu wa kisomo, kijana mpole kutoka upande wa Butiama, alikuwa na sharti moja tu: kitabu hakilali nje ya chumba, maana ni cha wote.

Walichokipenda kuliko vyote kilikuwa kimepoteza jalada. Kilieleza maisha ya Mwingereza mmoja wa zamani, mjamaa wa mwanzo mwanzo huko kwao. Aliingia kwenye mgodi wa makaa akiwa mtoto, akajifunza kusoma kwa taabu, akawa anaandika magazeti ya kuwatetea wafanyakazi, hata wakamchagua kwenda bungeni. Siku ya kwanza aliingia na kofia yake ya kazini, mabwana wakamcheka. Wanawake walipofika hapo karanga zilisimama. Bibi akajipiga paja.

"Kumbe na Wazungu wanachekanaga nguo!"

Kuanzia hapo akawa Mzungu wa bibi. Wenzake walimtania kwamba amepata mchumba wa uzeeni, naye alijibu kwamba huyo angalau anafanya kazi. Akisonga ugali wa muhogo alimzungumzia kama mtu wa mji wa jirani. Ila kuna jambo moja lililomkosesha raha. Alikwisha kuona wengi wakipata cheo na kuwageuzia kisogo waliowapa. "Nataka nione mwisho wake," alisema. "Alipokaa na wakubwa, alibadilika au hakubadilika?" Mwalimu aliujua mwisho, lakini bibi alimkataza kuutamka. Alitaka afike huko kwa macho yake mwenyewe.

Hawakufika. Posho ya mwalimu ilikoma, naye akaamua kwenda Bunda kutafuta maisha. Siku ya kuaga alimshika bibi mkono, akamwekea kile kitabu kwenye kapu la pamba. "Mama, ondoka nacho hiki. Nikishaondoka mimi, hapa sina uhakika napo." Bibi alikitoa, akakipangusa vumbi kwa kanga yake, akakirudisha kwenye rafu. "Wenzangu wakija wasome nini?" akauliza. Nilikuwepo, nilimwona. Alikirudisha taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Kisha ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Maduka yakajaa sabuni za kila rangi, na nisiwe mnafiki, tulifurahi. Mfanyabiashara mmoja kutoka Musoma alitafuta mahali pa kukusanyia sangara kabla ya magari kuwachukua. Mwenyekiti wetu wa kijiji, yuleyule aliyetuimbisha nyimbo za ujamaa na kutuita ndugu asubuhi na jioni, akampa ufunguo wa chumba cha kisomo. Mkutano haukuitishwa. Vitabu vilimwagwa nje kama maganda.

Bibi alikwenda nyumbani kwa mwenyekiti, nami nikamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya nini? Mzungu wangu umemweka wapi?"

Mwenyekiti alicheka. "Mama, hayo mambo muda wake umeisha. Sasa hivi kila mtu ajitafutie."

"Hii chumba matofali nilibebaga mimi na wenzangu," bibi alisema. "Wewe ulikuwaga unaimbisha tu."

Mwenyekiti aliingia ndani, akafunga mlango. Alimfungia nje mwanamke anayelingana na mama yake!

Vitabu tulivikuta kwa jirani yetu, muuza karanga. Alikuwa amevichana, anakunja kurasa na kufungia karanga za kukaanga. "Nilikuta vimetupwa, mama. Ningejuaje?" alisema, karibu kulia, maana hata yeye alikuwa akisoma ukurasa wake kwenye mkeka. Bibi hakumgombeza. Siku zilizofuata alituagiza karanga, akafungua kila kifungashio kwa uangalifu. Tulikuta ufugaji bora wa kuku, tukakuta uchimbaji wa vyoo. Mwisho wa Mzungu haukuonekana.

Niliujulia Musoma, nilipokuwa sekondari nikikaa kwa shangazi, mtaa wa Nyasho. Mwalimu wa historia alinisimulia, na likizo ilipofika nikaenda nao Kiriba mbiombio. Bibi alikuwa uani anamenya muhogo.

"Hakubadilika, bibi. Vita ya kwanza ya dunia ilipokuja aliikataa, watu wake mwenyewe wakamzomea. Alikufa amevunjika moyo."

Aliendelea kumenya mpaka muhogo ule ukaisha.

"Mi nilishajuaga," akasema. "Angebadilika, wasingemfungia karanga. Wangemtundika ofisini kwa mwenyekiti." Akacheka sana, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Bibi hayupo tena. Kwenye kipaimara niliwasimulia vitukuu wake habari hii, nikitegemea watamkasirikia mwenyekiti. Hawakumkasirikia. Mkubwa wao, msichana mwerevu anayesoma chuo, aliniuliza kwa upole kabisa: kama bibi alikipenda kitabu kile, na alikuwa ameshawekewa kapuni, kwa nini hakuondoka nacho tu? Wenzake wakanitazama, wanasubiri jibu. Nilijaribu kueleza, nikaanza na matofali, nikaanza tena na wale wanawake, nikaona hawaelewi.