Meno Yaliyotangulia Taya

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa na taya la chini lililotokeza mbele kama droo isiyofunga vizuri, na wanafunzi walimwita hivyo hivyo, Mwalimu Droo. Alilijua jina hilo na halikumkosesha usingizi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amefundisha watoto kusoma, na wengi walitoka mikononi mwake wakisoma bila kubabaika.

Kilichomvuruga ni msichana mmoja wa dawati la mbele. Siku hiyo walikuwa kwenye fa, fe, fi, fo, fu. Msichana akasukuma kidevu mbele, akayafunika meno ya chini kwa mdomo wa juu, akatoa "fa" yake. Mwalimu alikuwa karibu kumkemea kwa kumwigiza, lakini akaona macho ya mtoto yametulia kabisa. Mtoto alikuwa anajifunza. Akatazama darasa zima. Nusu yao walitamka vivyo hivyo, videvu mbele kama yeye, kwa bidii zote.

Wiki hiyo hiyo akaenda hospitali kubwa kwa daktari wa kupanga meno, mama mmoja wa makamo aliyezungumza taratibu.

"Taya lako la chini limekua kulipita la juu," daktari alimweleza, akimshikia kioo. "Meno yamejitahidi kuficha. Ya chini yamelala ndani, ya juu yameinamia nje, ndiyo maana bado unatafuna. Tutayasimamisha kwa waya, halafu daktari wa upasuaji atakata mfupa, alirudishe taya nyuma. Hapo yatakutana."

"Na kabla ya huo upasuaji?"

"Utaonekana vibaya zaidi kuliko sasa. Usije ukasema sikukuambia."

Nyumbani, mama yake alimsikiliza huku akimenya vitunguu.

"Taya hilo umelitoa kwangu," alisema. "Kwa hiyo na mimi ni mgonjwa?"

"Sijasema hivyo, Mama."

"Nimeolewa nalo. Nimezaa watoto watano nalo." Kisha akabeba bakuli la vitunguu, akaenda kumalizia nje.

Hospitalini waling'oa meno mawili ya juu, moja kila upande, ili kupata nafasi. Wakafunga waya. Kila mwezi waya zikikazwa, mwalimu alirudi na kichwa kinachogonga. Meno ya chini yakainuka, yakaenda mbele. Ya juu yakarudi nyuma. Baada ya mwaka na nusu angeweza kupitisha kidole kati ya meno ya juu na ya chini bila kufungua kinywa. Mkate aliunyofoa kwa vidole na kuusaga kwa ulimi. Akiongea, mate yalimtangulia. Alivumilia, maana tarehe ya upasuaji ilikuwa imepangwa.

Mwalimu mkuu hakuweza kuvumilia kiasi hicho. "Wazazi wamelalamika," alimwambia, macho kwenye karatasi zake. "Hebu shika stoo ya vitabu mpaka upone."

"Nitapona lini, mwalimu mkuu?"

"Hilo unalijua wewe na madaktari wako."

Tarehe ya kwanza alilala hospitali, akafunga kula, akavalishwa gauni la kijani. Asubuhi nesi akaja kumwambia kumetokea ajali barabarani, chumba cha upasuaji kimejaa majeruhi. Akaelewa. Tarehe ya pili mashine ya dawa ya usingizi iliharibika. Tarehe ya tatu alisimama na mfuko wake wa nguo dirishani pa mapokezi, nesi akapekua mafaili kwa muda mrefu, mwisho akasema, "Kwani hukuambiwa? Daktari wa taya ameshaondoka. Amepata kazi nje ya nchi."

"Na aliyechukua nafasi yake?"

"Hayupo."

Akapanda ngazi hadi kwa daktari wa meno. Naye alikuwa amezisikia habari hizo koridoni tu.

"Basi nirudishe nilivyokuwa," mwalimu alisema.

Daktari alivua glavu polepole. "Tuliyong'oa hayarudi. Naweza kuyalaza yaliyobaki, miaka miwili hivi, lakini hayatakutana kama zamani."

"Kwa hiyo mmenipangia meno ya taya ambalo sina."

Daktari alimshika bega, na mwalimu akautoa ule mkono.

Alisubiri mwaka mwingine na waya mdomoni, hadi meno yakaanza kuoza pembeni mwa vyuma. Akaomba waya zitolewe. Leo anatafunia magego matatu. Darasa lake alipewa kijana aliyetoka chuoni, na mwalimu mkuu hataki tena kulizungumzia jambo hilo.

"Achana na hao wa hospitali," mama yake humwambia, akimkatia chakula vipande vidogo. "Watakumaliza."

"Mimi ndiye sijamalizana nao, Mama."

Barua tatu alizoiandikia hospitali zilijibiwa kwa sentensi moja: jina lako lipo kwenye orodha. Kwa hiyo kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi huomba ruhusa, huenda hospitali na kukaa kwenye benchi mbele ya ofisi ya mganga mkuu, bila kujifunika uso, kila apitaye aone. Anakaa hadi ofisi zifungwe. Siku moja nesi alimnong'oneza kwamba siku anazokaa pale mganga mkuu huingia kwa mlango wa nyuma.

Mwezi uliofuata akaenda kukaa huko nyuma.