Mlango wa Mwenye Kinu

Bi Hadda alikuwa na sharti moja aliloshika tangu vita vya uhuru viishe: hamtolei mtu ushahidi wa jambo ambalo macho yake mwenyewe hayakuliona. Katika mji wao chini ya milima ya Aurès, mtu hakuhesabiwa kuwa alipigania uhuru mpaka wawili waliokuwa mlimani waseme, “Huyu alikuwa nasi.” Basi kila Julai tano, sikukuu ya uhuru, ilipokaribia, watu walimbishia hodi, wengine na sukari, wengine na machozi. Alikuwa akipanda milima ile akiwa binti, mikate ya kesra ameifunga mgongoni kama mtoto. Walioila aliwajua kwa nyuso. Wasioila waliondoka na sukari yao. Mwenyewe hakuwahi kudai cheo. Alizoea kusema kwamba zamani waliapa shujaa ni mmoja tu, wananchi, na sasa kila mmoja anasukumana mlangoni awe yeye.

Mwaka ule aliyekuja hakuwa mgeni. Alikuwa Bwana Bouzid, au Si Bouzid kama walivyomwita kwa heshima, mwenye kinu cha unga na mkwe wake: mwanawe alikuwa amemposa Yamina, mjukuu aliyelelewa na Bi Hadda tangu mama yake afariki, na Fatiha ya uchumba ilikwisha kusomwa. Alitaka shule mpya ipewe jina la marehemu baba yake, aliyemwachia kinu, kama mpigania uhuru. Shahidi wa kwanza alikwisha kumpata. Bi Hadda alimmiminia chai, akamwambia hakumbuki kumwona mzee yule mlimani. Si Bouzid akacheka, akasema uzee una mambo yake.

Kesho yake akaleta bega la kondoo. Yamina akapika kuskus, bibi akala, kwani chakula cha wakwe hakirudishwi. Hapo ndipo wanaume wa mji walipokosea. Walisema amekula chumvi ya wakwe, basi amekubali. Hakuna aliyerudi kumwuliza.

Asubuhi ya sikukuu, kwenye makaburi ya waliouawa vitani, bendera ilipandishwa na mwenyekiti wa mji akatangaza kwamba marehemu mwenye kinu ameshuhudiwa na wawili, wa pili akiwa Nana Hadda, kama mji ulivyomwita bibi yule. Makofi yakapigwa. Mbele ya Bi Hadda walilala vijana aliowalisha, baadhi yao bila jina juu ya jiwe, maana waliuawa kabla hajapata kujua wanaitwaje. Na huyu aliyekufa kitandani mwake alikuwa anatafutiwa ukuta mzima wa shule.

Yamina alimshika mkono. “Nana, nakuomba. Nyamaza leo tu.”

“Leo ndiyo siku yenyewe, mwanangu.”

Akasogea mbele. Mwenyekiti akamtabasamia kama anayembembeleza mtoto. “Keti, Nana, jua kali. Mambo yamekwisha.”

“Yamekwisha kwako. Mimi sijaanza.”

Mtu mmoja nyuma akacheka.

“Baba yako hakutusaliti, Si Bouzid,” alisema Bi Hadda. “Hilo nalisema mbele ya hawa waliolala. Tulimgongea usiku tukiomba unga, akatufungia mlango. Aliogopa. Wengi walifunga, na hatukuwachukia, walikuwa na watoto. Lakini mlango uliofungwa haupewi shule.”

Si Bouzid alikuwa ameiva kwa hasira. “Nyama yangu umekula, mama.”

“Nyama nimekula. Ushahidi sikuuza.”

Akawageukia wale waliopiga makofi. Aliwauliza ni wangapi kati yao walijua habari ya mlango ule, kwa kuwa wazazi wao walikuwapo na mji ni mdogo. Akawaambia kwamba wageni walitawala nchi hii kwa kumpa heshima wamtakaye na kumnyima wamtakaye, na kwamba kama wenyeji nao wanaigawa heshima kwa bega la kondoo, basi vijana hawa walikufa ili kinu kibadilishe mwenyewe tu. Kisha akaondoka, fimbo yake ikigonga mawe, na watu wakampisha bila kumtazama.

Shule haikupewa jina lile. Jioni hiyohiyo mama yake bwana harusi alikuja kudai pete na vitambaa, akasimama kizingitini, kahawa akaikataa. Yamina alimkabidhi kila kitu. Mwisho wa wiki alihamia mjini Batna kwa mjomba wake, na hajarudi hata kwa Idi. Bi Hadda hupika kesra ya mtu mmoja.