Kaptura ya Baba Watoto

Mimi sikuolewa na mtu mmoja. Niliolewa na kikosi kizima cha skauti, wenye njaa na viatu vya tope, na kiongozi wao ndiye huyo mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, ndani ya kaptura. Jamani, ile kaptura! Magoti nje mbele ya mashemeji. Nilimwambia tangu mwanzo, baba watoto, hii kaptura itaniua kwa aibu. Akacheka tu, akafunga skafu yake shingoni, akaondoka.

Alikuwa anakwenda korongoni. Hapa Ipagala, kati ya nyumba zetu na shule ya msingi, linapita korongo ambalo miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu. Mbuzi wanapita humo, vijana wanachezea mpira. Lakini mvua ikinyesha kule juu, hata kama kwetu jua linawaka, maji yanashuka ghafla na kelele zake. Basi kila msimu wa mvua yeye na skauti wake walikuwa pale asubuhi na jioni, kamba nene imefungwa ng'ambo hadi ng'ambo, wanavusha watoto wa shule. Maji yakizidi magoti, havuki mtu, hata mzazi apige kelele namna gani. Miaka yote hiyo korongo halikuchukua mtoto wa mtaa wetu hata mmoja. Pakiwa na msiba, ni wao tena wanachota maji na kupanga viti. Na mimi nyumbani bati linavuja, mwenyewe yuko korongoni anavusha watoto wa watu. Nilinuna sana, sitasema uongo.

Kitu kingine kilichonitia matatani ni salamu zao. Skauti kwa skauti wanapeana mkono wa kushoto, eti ndio ulio upande wa moyo. Sawa, wao kwa wao. Sasa siku moja baba yangu amekuja kutoka Kibakwe kututembelea, amekaa sebuleni na fimbo yake, akaingia binti mmoja aliyeapishwa uskauti wiki ileile, furaha imemjaa. Akapiga goti vizuri, shikamoo babu, halafu akanyoosha mkono wa kushoto.

Baba aliuacha ule mkono unaning'inia. Akamgeukia mume wangu, Kigogo nusu, Kiswahili nusu, akauliza kama ndiyo kazi anayofanya mjini, kufundisha watoto matusi. Mume wangu akaeleza habari za skauti na moyo. Baba akasema, "Huko kwenu skauti peaneni hata miguu. Mimi mkono wa kushoto sipewi." Toka siku hiyo ikawa sheria ya nyumba yetu: skauti kushoto, wakubwa kulia, na asiyejua atulie.

Msimu wa mvua uliopita akaanguka. Watoto walikuwa wameshavuka wote, yeye anakunja kamba, mara skauti wakaona imemponyoka mkononi na maneno hayatoki. Kiharusi. Wakafunga mashati yao kwenye fito mbili, wakapata machela, wakambeba mpaka barabarani, wakasimamisha gari. Nilipofika hospitali nikawakuta wamepanga mstari ukutani, wavulana vifua wazi, wote wanalia kimyakimya. Daktari alisema waliwahi. Namshukuru Mungu mpaka leo.

Maneno yakarudi, mazito lakini yakarudi. Mguu ukaanza kufuata, kwa kuburuta. Mkono wa kulia ndio ukagoma kabisa, ukawa unalala tu mapajani. Daktari akasisitiza: atoke kila siku, atembee, aonane na watu, na asikose mazoezi hospitali, la sivyo na huo mguu utakaza.

Yeye akajifungia chumbani.

Majirani walikuja, wengine na kuku, wengine na mlenda mkavu. Ananiambia, sema nimelala. Waje wazee wa kanisani, nimelala. Siku ya mazoezi, sijisikii. Skauti tu ndio aliokubali kuwaona. Wakiingia, wananyoosha kushoto, naye kushoto kwake anatoa, uso unachanua kidogo. Wakitoka, mlango unafungwa.

Uzalendo ukanishinda. Nikamuuliza, wewe mwanaume unamkimbia nani? Akasema, polepole, akitafuta kila neno:

"Nikitoka nitakutana na wakubwa zangu. Nitawapa mkono gani, mama watoto?"

"Watakuelewa. Wanajua unaumwa."

"Wataelewa, ndiyo. Na watanionea huruma. Kumpa mtu mzima mkono wa kushoto, siwezi. Na kukaa bila kumpa mkono, siwezi."

"Mbona skauti unawapa?"

"Hao ni skauti," akasema. "Mimi naishi na watu."

Wiki zikaenda. Nikimsaidia kuoga nauona ule mguu unazidi kukaza, na moyo wangu unakaza nao.

Ndipo baba akapiga simu kwamba yuko njiani. Nikasema leo tumekwisha. Mtu amezeeka, safari yote ile kutoka milimani, halafu nimwambie mkwewe amelala? Alipofika nikamwambia hivyo hivyo, nikitazama chini.

"Basi nitasubiri aamke," baba akasema. Akaketi kwenye benchi la uani, mbele ya mlango, fimbo mkononi. Nikaleta maji, akanywa. Nikaleta chai, akanywa. Hakuuliza tena. Nikaingia jikoni kusonga ugali, masikio yote yako nje.

Nikasikia mlango. Kisha ule mguu unaburuta sakafuni. Nikachungulia. Mume wangu amesimama kizingitini, amekonda, mkono mmoja umekufa na mwingine ameuficha nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Baba akainuka kwa shida. Fimbo yake alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko huru. Akaitazama. Akaihamishia mkono wa kulia. Halafu akanyoosha ule wa kushoto, kifua mbele, na sauti yake ileile ya ukali:

"Nipe mkono, skauti. Sijatoka Kibakwe kuja kuangalia mlango."

Mume wangu akautoa mkono wake nyuma. Walishikana pale mlangoni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia. Mimi nilirudi jikoni nikalia kwa nguvu zangu zote, ugali ukashika chini, ukaungua, tukaula hivyo hivyo. Sikumbuki mlo mtamu kama ule.

Kesho yake ilikuwa siku ya mazoezi. Nilikuwa sijasema neno, yeye akaniita.

"Mama watoto, nitafutie kaptura. Nataka tupite kwa miguu mpaka barabarani, nisalimie watu."

Ile kaptura niliyoichukia miaka yote, niliinyoosha kwa pasi mara mbili.