Slaidi ya Mwisho Ilikuwa na Sura Yangu

Niliamshwa na vilio vya watu waliokuwa wananililia mimi.

Sitanii. Nilikuwa nimelala chumbani kwangu, Makanyagio, hapa hapa Mpanda, mchana kweupe. Nje ya mlango mwanamke analia, "Yotham weee! Umetuacha, Yotham!"

Nikajishika kifua. Moyo unadunda. Nikajifinya paja, likauma vizuri tu.

Sasa kama sijafa, wale walikuwa wanamlilia nani?

Tulieni niwaeleze, maana hata mimi nilichukua muda kuelewa.

Naitwa Yotham. Kwetu ni Ikola, kule ziwani, ila kwetu hakuna mtu tena. Mama alinizaa mtoto mmoja tu, akafariki nikiwa chuo. Mpanda nililetwa na kazi ya mradi fulani. Mradi ukaisha, wenzangu wakapanda treni wakarudi makwao, mimi nikabaki. Ningerudi kwa nani?

Kazi yangu siku hizi ni kutengeneza templeti za slaidi. Wewe una mada ya kuwasilisha mbele za watu, unataka slaidi zenye rangi zako, nembo yako na mpangilio wako, siyo zile zilizokuja na kompyuta ambazo kila mtu anazo. Mimi nakutengenezea ganda lote, wewe unajaza maneno na picha tu.

Kazi naipenda. Wateja ndiyo wananitoa roho. Mtu anataka herufi za njano juu ya nyeupe. Ukimwambia hazitasomeka, anakujibu, "Wewe weka tu, mteja ni mimi." Mwingine anataka ua linalozunguka kwenye kila slaidi. Kikao cha bajeti, ua linazunguka!

Lakini wateja siyo ubaya wa kazi hii. Ubaya wake ni kwamba unaweza kuifanya bila kuonana na binadamu. Oda inakuja WhatsApp, kazi inarudi WhatsApp, shukrani ni kidole gumba. Kwenye simu za watu nimeandikwa "Fundi Slaidi". Kuna siku zilipita sijasikia mtu akilitamka jina langu. Nikawa naongea na laptop. Ikichelewa kuwaka naiambia, "Amka basi, tuna kazi."

Upweke mbaya sana, jamani. Hauna kelele, kwa hiyo hata wewe mwenyewe unachelewa kugundua kwamba unaumwa.

Mtaani nilikuwa natoka kununua mkate, narudi, nafunga. Pazia sifungui. Jirani mmoja tu ndiye hakunikatia tamaa: Mama Recho, muuza dagaa, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Jumuiya ni sisi majirani Wakatoliki, tunasali nyumba kwa nyumba na kuzikana. Yaani, wao wanasali. Kila Jumamosi asubuhi Mama Recho anagonga dirisha langu.

"Yotham, leo tuko kwa mzee Severini. Njoo."

"Nitakuja mama."

Siendi.

"Mwanangu, usiposali na wenzio, siku ukifa nani atakuzika?"

Nilikuwa nacheka, anacheka, anaondoka. Akishaondoka kicheko kinaniishia mdomoni. Lile swali nilikuwa nalo hata kabla yake.

Sasa, misiba ya hapa mjini nayo imebadilika. Familia yenye uwezo inakodi projekta, picha za marehemu zinapita chini ya turubai, wasifu unasomwa. Nikaona fursa. Nikatengeneza templeti ya wasifu wa marehemu, na nyie, niliipendezesha! Zambarau iliyokolea, mshumaa pembeni, slaidi ya kuzaliwa, ya wazazi, ya elimu, ya vitu alivyovipenda. Ya mwisho ina fremu ya picha, na chini yake: "Pumzika kwa amani. Tutaonana mbinguni."

Ili uone fremu inavyokaa, unaweka picha ya mfano. Sasa utamwomba nani picha yake umweke kwenye fremu ya marehemu? Hapa Mpanda utaitwa mchawi kabla hujamaliza sentensi.

Nikaweka yangu.

Tatizo ni mahali nilipoiweka. Nyuma ya slaidi kuna ukurasa ambao sisi mafundi tunauita masta. Chochote ukikibandika kule kinakuwa sehemu ya slaidi yenyewe, mteja anakiona lakini hawezi kukishika wala kukifuta. Nilitakiwa niache nafasi tupu ya picha. Mimi nikabandika sura yangu kwenye masta, nikasahau kuitoa, nikaituma templeti hivyo hivyo kwa mteja anaitwa Innocent, aliyekuwa amefiwa na baba yake.

Slaidi nyingine Innocent alizijaza vizuri tu. Ya mwisho hakuifungua. Mfiwa ana mambo mengi.

Ikaenda kwenye projekta hivyo hivyo.

Kuna mtu pale msibani akaipiga picha, akaiweka status na mishumaa mitatu. Jina hakuandika. Status ikapita mikono mpaka ikamfikia Dorice, binti wa nyumba ya pili kutoka kwangu. Dorice akaitupa kwenye grupu la jumuiya: "Jamani, huyu si yule kaka wa chumba cha mwisho?"

Mimi hayo yote sina habari nayo. Umeme umekatika, simu imeisha chaji, nimejilalia zangu.

Turudi kitandani sasa.

Nje nasikia turubai linafungwa, mafiga yanapangwa, mtu anauliza mwili uko mochwari ipi. Mlango wangu hakuna aliyeugonga. Wagonge wa nini? Kila mtu anajua naishi peke yangu, na mwenyewe nimekufa.

Nikainuka nitoke. Nimeshika komeo, nikamsikia mzee Severini. Huyu ni mstaafu wa reli, mtu wa utaratibu kweli kweli.

"Naomba tuelewane kabla hatujakoka moto," alisema. "Huyu kijana jumuiya hajakanyaga hata siku moja. Utaratibu wetu tunaujua."

Mkono wangu ukagandia pale pale kwenye komeo. Kitu nilichokuwa nakiogopa miaka yote kilikuwa kinajadiliwa nje ya mlango wangu. Nikasema sitoki. Acha nisikie wataamua nini.

"Mzee ana hoja," mwanaume mwingine akadakia. "Tukimzika huyu, kesho nani atakuja kusali?"

"Kwa hiyo azikwe na nani? Manispaa?" Mama Recho huyo.

"Mama Recho, utaratibu..."

"Utaratibu nauongoza mimi, mzee wangu. Nimegonga dirisha la huyu mtoto kila Jumamosi. Kila Jumamosi ameniitikia 'nitakuja mama'. Mtu anayekuitikia humtupi. Nyie kama hamtaki nendeni, sufuria niachieni. Nitakaa mwenyewe."

Nikateleza na mlango mpaka chini sakafuni. Nilikuwa nalia na sikujua nimeanza saa ngapi.

Hakuna aliyeondoka. Mzee Severini akakohoa, akasema, "Haya. Basi tuandike wasifu. Dorice, shika simu uandike. Jina la marehemu?"

"Yotham."

"Yotham nani?"

Jina la pili hakuna aliyelijua.

"Kwao wapi?"

"Nasikia Mishamo."

"Mishamo wapi! Huyu Mfipa, mbona anaonekana kabisa."

"Mi nilijua Msukuma."

"Wazazi wake?" mzee akauliza. "Haya, tuwaruke. Alipenda nini?"

Hapo nikasikia wananong'onezana. Halafu Dorice, kwa huruma kabisa, akasema, "Alipenda... mkate."

Jamani. Mkate!

Iliniuma nyie, msinione hivi. Templeti ya wasifu nimetengeneza mimi, kila nafasi nimeipanga kwa mkono wangu, na ya kwangu ilikuwa inabaki tupu. Watu wamekuja na kuni zao na unga wao kunizika, hawana cha kusema, na kosa si lao. Hasira ikanipanda, sijui ya kumkasirikia nani, nikasahau kabisa kwamba mimi ni marehemu.

"Kwetu ni Ikola!" nikapiga kelele kutoka ndani. "Mimi ni Mbende wa Ikola!"

Mama yangu.

Sijawahi kusikia msiba ukihama kwa kasi ile. Viti chali, sufuria linabingirika, mtu anawaita watakatifu wote kwa majina, mwingine anapiga yowe, "Msukule! Msukule!" Mzee Severini, mtu wa utaratibu, aliruka ukuta. Ushahidi upo, kipande cha suruali yake kilibaki pale juu.

Nikafungua mlango taratibu, nikachungulia.

Ndala zimetapakaa kila mahali. Katikati ya uwanja, kwenye kigoda, Mama Recho amekaa na mwiko wake mkononi.

"Mama, hukukimbia?"

"Kwa magoti haya?" Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ni mzima, au ndiyo mambo yenyewe?"

"Mzima mama. Ile picha ni makosa ya kazi yangu."

Akanivuta mkono, akaubonyeza, akahakikisha una joto. Kisha akaninasa kofi la shavu. Kisha akanikumbatia, ananuka dagaa na moshi, na mimi sikutaka aniachie.

Alipotulia akaiokota simu ya Dorice mavumbini, akaniwekea mkononi.

"Haya, tuendelee. Mama yako anaitwa nani?"

"Fausta."

Hilo jina sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu tumzike. Nililia hadharani bila aibu, na yeye akaniacha nilie.

Watu wakarudi mmoja mmoja. Mzee Severini alirudi wa mwisho, anashikilia suruali, anadai alikwenda kuita msaada. Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Nikala ugali na maharage ya msiba wangu mwenyewe, na niseme ukweli, sijala chakula kitamu kama kile tangu nifike Mpanda.

Innocent nilimwomba radhi baadaye. Akasema ukoo mzima ulidhani mimi ni mjukuu wa nje wa marehemu baba yake, na shangazi zake walikuwa wameshaanza kugombana mimi ni mtoto wa nani.

Lakini siyo hapo hadithi ilipoishia.

Siku ile ile, tukiwa tunaosha vyombo, nikamtania Mama Recho. "Mama, wewe huna shida. Umezika watu wa mtaa mzima. Siku yako ikifika hapa hapatoshi."

Hakucheka.

"Recho yuko Mwanza," akasema. "Tangu aolewe simu anapiga akikumbuka. Hayo mambo yako ya wasifu, hebu jaribu kunijazia mimi."

Nikaona rahisi hiyo. Nikashika simu ya Dorice, nafasi ya kwanza kabisa: jina.

Kidole kikasimama hewani.

Huyu mama ndiye mtu pekee aliyekuwa ananiita Yotham. Amenipigania nisizikwe na manispaa. Amenililia nikiwa hai. Na jina lake sikulijua.

Nikamgeukia Dorice, aliyezaliwa mtaa huu huu. Akatikisa kichwa. Nikamgeukia mzee Severini, aliyesali naye miaka na miaka.

"Si ni Mama Recho?" akasema mzee, halafu akainamisha macho.

Watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyelijua.

"Mama," nikamuuliza, "jina lako nani?"

Akafuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Scolastica," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, mpaka akarudia. "Naitwa Scolastica. Kwetu ni Majimoto."

Ndugu zangu mnaonisoma, mimi nilidhani mpweke mtaani kwetu ni mimi peke yangu, niliyejifungia na laptop. Kumbe na yule aliyekuwa anawakusanya wengine wote hakuwa na mtu wa kumuuliza habari zake.

Mtaani kwenu yupo Mama Fulani, au Baba Fulani, anayebeba misiba na harusi za kila mtu. Usisubiri wasifu. Nenda kamuulize jina lake na kwao, na ukiuliza ukae chini kabisa, maana jibu ni refu. Mama Scolastica alianza kuongea jua likiwa bado kali, na moto wa msiba ulizimika akiwa bado anasimulia habari za utotoni.