Magoti Yaliyobaki Nje ya Maji

Nilijenga kisima cha ubatizo kwa kujipima mwenyewe. Huo ndio ujinga wangu, nausema mapema msije mkausikia kwa watu wakautia chumvi, ingawa hauhitaji chumvi. Nililala chali nyuma ya nyumba yetu, mikono kifuani kama maiti mwenye adabu, mke wangu akachora mstari kwa fimbo juu ya kichwa changu na mwingine chini ya nyayo. Nikaongeza shubiri moja kwa usalama. Mimi ni mtu mfupi. Mke wangu husema Mungu alipofika kwangu udongo ulikuwa unakaribia kuisha.

Kazi ya kuchimba waliifanya waumini wangu wawili, wachimbaji wa dhahabu, watu ambao ukishawapa sururu hawajui kusimama.

"Mchungaji, tuache twende hata futi kumi," mmoja akasema. "Huwezi kujua, pengine tutakutana na mwamba wenye mali."

Nikamwambia hili si duara la kuchimbia dhahabu, ni mahali patakatifu. Wakifika usawa wa kiuno changu, basi.

"Kiuno chako?" akauliza mwenzake, akanitazama kuanzia juu hadi chini, safari ambayo haikumchukua muda.

Nilipaswa kulisikia swali lile. Badala yake nikaenda kuwaletea uji.

Kwa nini kisima, wakati ziwa lipo? Nkome, kando ya ziwa, si mbali na kwetu, na wachungaji walionitangulia walibatiza huko miaka yote. Lakini mimi nimekulia upande wa Mhunze, ambako maji mengi kuliko yote niliyoyajua yalikuwa ya lambo, tukigawana na ng'ombe, na kiangazi yalifika kwenye vifundo vya miguu. Kabla ya kuhamishiwa huku Geita nilikuwa msaidizi kule Maganzo, na kila ubatizo kazi yangu ilikuwa kushika mataulo. Niliyashika vizuri sana, hakuna aliyelalamika. Ukweli ni kwamba naogopa maji yasiyo na ukuta. Halafu mimi ni mtu wa nyumbani. Napenda kiti changu, chai ya mke wangu, na redio ikijisemea yenyewe pembeni. Kisima kikiwa hatua ishirini kutoka mlangoni, niliona maombi yangu yamejibiwa. Waumini niliwaambia ni kwa ajili ya wazee na wagonjwa, wasisumbuke na safari. Wakaniombea baraka kwa huruma yangu. Nikazipokea.

Wa kwanza kubatizwa alikuwa mzee mmoja mfugaji, mrefu kama nguzo ya simu. Mkewe alibatizwa zamani, wakati mimi bado nasoma sekondari. Kila Jumapili mzee alimsindikiza kanisani, akakaa mwisho wa benchi, kofia mkononi. Ikifika saa ya Meza ya Bwana anakunja ile miguu yake kumpisha mkewe, mama anakwenda mbele peke yake, anarudi, miguu inakunjwa tena. Siku moja baada ya ibada akanifuata akasema sasa yuko tayari. Nikamuuliza ni neno gani lililomgusa, nikitegemea atataja hubiri langu mojawapo.

"Nimechoka kukunja miguu," akasema. "Nami nataka kwenda naye."

Pasaka ilikuwa karibu. Mkewe alishawaambia kina mama wote kwamba mwaka huu hatakwenda mezani peke yake.

Siku ya ubatizo kwaya ilipanga mistari kuzunguka kisima. Mzee akaingia. Maji yaliyonifika mimi kiunoni yalimfika yeye mapajani. Nikatamka maneno, nikamlaza, kichwa kikagonga ukuta kabla hakijalowa. Nikamvuta upande wa miguu, kichwa kikazama, magoti yakachomoza. Nikayasukuma magoti, kichwa kikaibuka. Nikijaribu huku, kule kunatoka. Kwaya walifika ubeti wa mwisho, wakarudia, wakarudia tena, mwishowe sauti ya tatu wakashindwa na kicheko. Bibi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Magoti bado!"

Mzee wa kanisa akashauri tuyamiminie magoti maji kwa jagi. Niliukamata ushauri ule kama mtu anayezama. Lakini mzee wetu alikuwa ameshakaa ukingoni, anajifuta uso.

"Mchungaji," akasema kwa upole, "ng'ombe akitoka kwenye josho mgongo haujalowa, kupe wanabaki palepale. Hamwagiwi kikombe. Anarudishwa."

"Mungu anaangalia moyo, mzee wangu."

"Moyo umelowa. Nazungumzia magoti."

Akakataa kushiriki Meza mpaka azamishwe mzima. Kila mtu akasema basi, twendeni Nkome. Nami nikasema ndiyo, twendeni, ila wiki hii nina semina. Wiki iliyofuata nilikuwa na mafua. Iliyofuata nikaona mawingu. Mke wangu akaniandalia chai, akakaa mbele yangu.

"Baba, mawingu gani hayo yanayokaa wiki nzima juu ya nyumba moja?"

Kisha mke wa mzee akaja mwenyewe, na kikapu cha michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu ambavyo nikiviona nalegea. Hakulaumu. Alikaa, tukasalimiana kwa kirefu, nikampa shikamoo yake, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja.

"Pasaka ni Jumapili hii," akasema. "Mimi ni mtu mzima, mchungaji. Na yeye ni mtu mzima zaidi. Hatuna Pasaka nyingi za kupangia semina."

Nikafungua kinywa nitoe sababu ya nne, ikatoka nyingine kabisa. Nikamwambia naogopa ziwa. Nimefundisha habari za imani miaka yote hiyo, nami nikiona maji yasiyo na upande wa pili natafuta njia ya kurudi nyumbani.

Yule mama alicheka mpaka akashika kikapu. "Kumbe! Si ungesema? Mzee wangu amevusha ng'ombe mitoni tangu ujana wake. Atakushika."

Jumamosi tukaenda Nkome kwa pikapu ya jirani yetu, mfanyabiashara wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Pangani. Alijitolea mwenyewe. "Mimi naendesha tu," alisema, "mambo ya kuloweshana ni yenu." Kwaya ilikaa nyuma, mimi mbele. Kwa kuwa nilikuwa na hofu niliongea njia nzima. Nilimweleza tabia za mawimbi, upepo unavyogeuka mchana, na namna mtu anavyotakiwa kupumua akiwa majini. Yeye aliyezaliwa kwa watu wa bahari alisema "ahaa" kila baada ya kilomita.

Niliingia ziwani na viatu vyangu vyeusi, kwa sababu nilisikia habari za konokono wa kichocho. Kina mama walioanika dagaa waliacha kazi wakasimama kutazama. Maji yalipofika tumboni nikasimama. Miguu ilikataa kabisa. Mzee akarudi nyuma hatua mbili, akanishika mkono kama unavyomshika ndama mkaidi, bila nguvu, bila kuachia.

"Wabeja, mchungaji," akasema, akinishukuru kabla sijafanya lolote. "Pumua. Sasa sema maneno yako."

Nikayasema, nadhani yote. Boti ya mashine ikapita, wimbi lake likatufikia nilipotaja Roho Mtakatifu. Mzee akazama na wimbi, mrefu wote, nami sikuwa nimemwachia, nikazama naye. Sikuona kitu. Nilisikia tu ule mkono mkubwa ukinipandisha juu tena. Tulipoibuka vigelegele vya kina mama wa dagaa vilikuwa vimewazidi kwaya.

Mkewe alikuwa ameingia hadi magotini, kanga mkononi, anamkagua kama mnunuzi mnadani. "Mzima?"

"Mzima," akasema mzee.

"Basi kesho tunakwenda wote." Akamfunika kanga, na kwa kuwa haikumtosha, akamfunika mabega tu, wakatoka majini wakiwa wameshikana.

Mimi nilitoka nyuma yao, nakohoa, mguu mmoja una kiatu na mwingine soksi. Nikasimama mbele ya jirani yangu, maji yakinichuruzika, nikitafuta neno la kichungaji la kusema. Akanitazama mpaka chini, akanipa taulo.

"Jirani," akasema, "kiatu nitakupa kingine. Ila ule ujuaji ulionipigia kelele tangu nyumbani, kama nao umebaki humo majini, uache hukohuko."