Kinu Juu ya Kichwa cha Mume Wangu

Mpaka siku barua ilipofika, jambo hili lilikuwa limekula masaa mia moja ishirini na sita. Nimehesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa vidole, mara ya pili kwa kalenda ya famasi iliyo ukutani kwangu. Majuma saba, siku sita kwa juma, masaa matatu kila siku. Si masaa yangu. Yangu ningeyauza na ningepata faida. Ni masaa ya usingizi wa mume wangu, na usingizi ni bidhaa ambayo ukishaipoteza huikuti tena sokoni, hata ukiwahi kufika.

Mume wangu anaendesha lori la machimbo, lile ambalo gurudumu lake peke yake linampita mtu kwa urefu. Anafanya zamu ya usiku. Asubuhi, watoto wa jengo wakishuka kwenda masomo, yeye anapanda. Anaoga, anakunywa chai, analala mpaka jua ligeuke. Shefu wake alimwambia waziwazi siku alipomkabidhi ufunguo: ukisinzia mara ya kwanza, barua, ukisinzia mara ya pili, mlango. Mara ya tatu haipo. Nilimpenda shefu huyo bila kumwona. Mtu anayetaja bei yake mapema hakudanganyi.

Tunakaa mtaa wa Kampemba, etaji ya pili ya jengo la etaji tatu. Mwenye nyumba alilijenga lenye apartema tisa, halafu tamaa ikamshika, akazikata zikawa kumi na mbili. Kuta mpya zilisimama popote zilipopata nafasi. Ndiyo sababu jiko la mama wa juu haliko juu ya jiko langu. Liko juu ya kitanda chetu.

Mama wa juu ni mjane, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, na kazi yake ni sombe. Majani ya muhogo yanamfikia kwa mifuko kutoka njia ya Kipushi, anayatwanga, anayafunga kwenye sashe, vifuko vidogo, anayauza yakingoja sufuria tu. Sina ugomvi na sombe. Nimelelewa kwa bukari, ugali wetu, na sombe, na mtu akinipikia sombe ambayo haikutwangwa vizuri namjua kuwa ni mvivu. Lakini kinu chake ni cha mti mzito, na kimekaa juu ya simiti tupu. Mchi ukishuka, du, glasi zangu kabatini zinapeana habari. Du, mume wangu anageukia ukuta. Du, anageuka tena. Alijaribu kuziba masikio kwa pamba. Pamba haikufaa kitu, maana sauti haikupitia masikioni. Ilishuka na ukuta, ikaingia kwenye miguu ya kitanda, ikampanda mgongoni. Nikakata tairi kuukuu vipande vinne, nikaviweka chini ya miguu ya kitanda. Kitanda kikaanza kuyumba kama mlevi, na du ikabaki du.

Nilianza kwa mwenye nyumba, kwa sababu ndiye anayekula kodi. Alichukua karatasi ya mkataba, akanisomea yote: maji, takataka, kufuga kuku ni marufuku.

"Makelele haiko mu kontra, Mama," akasema.

Nikamwambia basi ayaandike. Akajibu kwamba kuandika upya kuna bei yake. Nikamwuliza bei gani. Alipoitaja, nikaona ni nafuu kuvumilia siku nyingine mbili tatu, na hapo ndipo nilipokosea hesabu mara ya kwanza.

Siku ya pili nikapanda mwenyewe. Ngazi ni ishirini na mbili, na kila ngazi niliinolea neno. Nilipofika juu nilikuwa na maneno ya kutosha kumhamisha mtu na mizigo yake. Akafungua mlango, mikono imejaa vipande vya majani mpaka kwenye kiwiko, akacheka kwa furaha ya kuona mgeni. "Yaya, ingia, ikala," akaniita dada mkubwa, akanisogezea kigoda. Nikakaa. Mbele yangu kulikuwa na beseni, na ndani ya beseni sombe laini, ya kijani iliyoiva, imefungwa vizuri.

Sijui niseme nini juu ya mdomo wangu. Miaka kumi na tisa nauza vikwembe, yaani vitenge, sokoni, na mdomo huu ukiona kitu kimefungwa tayari kuuzwa unauliza bei kabla kichwa hakijaamka. Nikauliza. Akataja. Nikashtuka kama kawaida, ingawa bei ilikuwa ya haki. Nikasimama kama naondoka. Akapunguza. Nikakaa tena. Mwishoni nilikamata sashe nne kwa bei ya tatu, na akanipa matabishi, bilinganya mbili.

Nilimkumbuka mume wangu nilipofika ngazi ya kumi na nne, nikishuka.

Kurudi haikuwezekana. Matabishi inafunga soko. Mtu akishakuongezea kitu kwa hiari yake, mmeachana vizuri, na hakuna mwanamke wa mji huu mwenye adabu anayerudi siku ileile kugomba, bilinganya zikiwa bado mkononi. Nikasimama pale kwenye ngazi na hasira yangu yote, nzima, haijatumika hata robo. Nikashuka nayo.

Mara ya pili nilijifunga. Nilimwambia kabla sijakaa kwamba bwana yangu analala mchana, na kinu kinamgonga kichwani. Akaniomba msamaha kwa sauti ya chini kama aliyefiwa upya, akatafuta gunia, akalikunja mara nne, akaliweka chini ya kinu mbele ya macho yangu. Nikaona huyu ni mtu wa kusikia. Na mtu wa kusikia ukimpa biashara anasikia zaidi, hiyo ndiyo elimu niliyoipata sokoni: muuzaji hakatai neno la mteja mkubwa. Wenzangu tunaopanga vikwembe mstari mmoja walikuwa wameonja ile sombe ya kwanza, wakaniuliza natoa wapi. Basi palepale nikaagiza sashe kumi kwa siku, nikashusha bei tena kwa sababu ya wingi. Nilishuka ngazi najisifu. Nimenunua ukimya, nikawaza, na sombe juu yake ni matabishi.

Majuma saba ninayoyasema yanaanzia hapo.

Gunia lilibadilisha du kuwa dum. Hilo tu. Na makelele, badala ya kupungua, yakaongezeka. Zamani alitwanga saa moja, akanyamaza. Sasa, tangu siku ya kwanza ya oda yangu, ikawa masaa matatu, kisha dada yake akaja kumsaidia, michi miwili ikawa inapokezana kwenye kinu kimoja, dum na dum, bila nafasi katikati ambayo mtu angeweza kusinzia. Nikaona ni dharau. Nimemwomba kwa heshima, nimempa kazi, nimemletea wateja, maana sashe kumi zilikuwa zimefika ishirini na tano, wenzangu wananunua kwangu na mimi naweka kidogo juu. Na malipo yake ni haya? Nilikasirika mpaka nikakosea kupima kitambaa. Nikikamata ufagio nikagonga dari kwa mti wake, mara tatu, kwa nguvu, yeye anaongeza mbio. Nagonga, anaongeza. Siku moja niligonga mpaka rangi ya dari ikaniangukia machoni, na juu yangu michi ikapaa kama inakimbizwa na mvua. Nikalia pale pale, si kwa huzuni, kwa hasira na kwa rangi. Mume wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho mekundu, anatazama viatu vyake vya kazi.

"Acha," aliniambia. "Nitalala Jumapili."

Hakufika Jumapili. Alisinzia kwenye lori, akiteremka na mzigo. Muda wenyewe, alisema, ni kama wa kupepesa jicho, lakini lilikuwa jicho refu. Lori likaacha njia, likapanda tuta la udongo, tuta likalishika. Hakuna aliyeumia. Asubuhi alirudi na barua, akaiweka mezani, akaenda kunawa. Niliisoma mara mbili. Ilisema yale yale ambayo shefu alikuwa ameshasema, ila sasa kwa muhuri.

Nikamwekea chakula kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Alikula polepole, akamaliza bukari, akafuta sahani ya sombe kwa tonge la mwisho.

"Hii sombe," akasema, "imetwangwa muzuri."

Nikapanda zile ngazi ishirini na mbili bila kuhesabu. Safari hiyo sikungoja kigoda.

"Bwana yangu amepata barua," nikamwambia. "Juu ya kinu yako. Akilala tena, kazi imeisha. Nilikuomba, ulinicheka, sasa utanieleza."

Mama wa juu aliuacha mchi ndani ya kinu. Hakuwa na hasira, na hilo liliniudhi zaidi. Alinishika mkono na ile mikono yake ya kijani, akaniingiza jikoni. Kulikuwa na beseni tano zimepangwa sakafuni.

"Yaya, angalia," akasema. "Hii ni yako. Na hii, yako. Hii, yako. Na ile ya kwa mulango, yako. Hii moja tu njo ya bantu bengine."

Nilihesabu beseni. Nikahesabu tena.

"Mbele ya weye nilikuwa natwanga kiloko tu, saa moja, namaliza, napumzika. Weye njo ulisema: shusha bei, nitakamata mingi. Bei imeshuka. Sasa, mikono itafanya namna gani? Inapanda."

"Nilikugongea na ufagio," nikasema.

"Nilisikia, Yaya. Kila siku nilisikia. Nilisema, yaya iko na haraka na sombe yake. Njo tukaongeza mbio."

Dada yake aligeuka kutazama dirishani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Nilishuka. Nikakaa mezani na kalenda ya famasi, nikafanya ile hesabu ambayo mtu mwenye akili angeifanya kwanza. Katika yale masaa matatu ya kila siku, moja lilikuwa lake tangu zamani, na hilo mume wangu alikuwa analimudu kwa shida. Mawili yalikuwa ya maagizo yangu. Kwa hiyo katika yale mia moja ishirini na sita, arobaini na mbili ni ya mama wa juu. Themanini na nne ni yangu. Nilimtwanga mume wangu kichwani masaa themanini na nne, na nikalipa, na nikaringa kwamba nimelipa kidogo.

Asubuhi iliyofuata nikavunja oda yote. Alinisihi, kwa sababu mifuko ya majani ilikuwa imeshafika na majani hayangojei mtu, yanageuka manjano. Nikamlipia mifuko hiyo bila kupunguza bei hata kidogo. Mtu aniandikie mahali kwamba siku hiyo ilikuwepo. Nikamwomba atwangie uani. Mwenye nyumba amekataza, uani analaza gari lake. Nikamwomba atwange alasiri, mume wangu akishaamka. Hapo sombe inafika sokoni wakati watu wameshapika, nani atanunua? Nikataja mashine. Akanitazama kama nimetukana, na kusema kweli hata mimi sombe ya mashine siila.

Siku tatu kinu kililia saa moja tu, kama zamani. Mume wangu alilala mpaka akakoroma. Siku ya nne nikasikia michi miwili.

Nikafungua mlango. Kwenye ngazi walikuwa wanapanda wenzangu wawili wa mstari wa vikwembe, kila mmoja na beseni yake. Nilikuwa nimewazoesha. Nilipoacha kuwaletea, walitafuta mlango wenyewe, na mama wa juu, mtu mwaminifu, aliwauzia kwa bei ileile niliyoipigania mimi. Bila faida yangu juu yake, iliwafaa zaidi. Wakanisalimia vizuri sana. Mmoja akanishukuru.

Sasa mume wangu analala mtaa wa Hewa Bora, kwa dada yake. Anatoka kazini, anapanda gari mbili, analala kwenye kochi la sebule watoto wa watu wakimruka, kisha anarudi kwangu kula, kisha anaenda kazini. Anasema analala vizuri. Nimeyatazama macho yake kila jioni kabla hajatoka, la kulia na la kushoto, na sijapata mahali nilipoona usingizi wa kutosha. Barua bado iko ndani ya kabati, na glasi bado zinapeana habari juu yake.

Juzi nilipanda mara ya mwisho. Nilimwomba mama wa juu apandishe bei. Nilimwambia ikipanda, watapungua wanaonunua, naye atapata kilekile kwa kutwanga kidogo. Nilimpigia hesabu mbele yake, mara mbili, ilikuwa hesabu nzuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Yaya, hii bei uliiweka weye. Nikiipandisha, benzako batasema niko mwizi."

Na akanipa bilinganya mbili, ingawa sikununua kitu.

Kwa hiyo nauliza ninyi mnaonisoma, hasa mnaokaa sokoni kama mimi. Kushusha bei najua. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa na nimeharibu watu wengi. Bei iliyokwisha kushuka inapandishwa namna gani, na mtu asiye muuzaji wala mnunuzi tena? Anayejua aniambie, na aniambie mapema, kabla macho ya mume wangu hayajafumba tena kwenye lile lori. Bilinganya ninazo, nitamlipa kwa hizo.